Rangi ya Maji ya Kunde

Nyumba njema si mlango. Methali hii husemwa kumwonya mtu asihukumu kitu kwa sura yake ya nje, lakini ina maana nyingine iliyo wazi zaidi, nayo ni kwamba nyumba hukaliwa kwa ndani. Mpita njia huiona nyumba mara moja akaenda zake. Mwenye nyumba huziona kuta zake alfajiri afumbuapo macho, na usiku kabla ya kuyafumba. Katika ugonjwa huzitazama mchana kutwa, na katika msiba huziegemea. Kwa sababu hii uchaguzi wa rangi ya kuta za ndani, ijapokuwa waweza kudhaniwa kuwa jambo dogo la anasa, ni uchaguzi wa kitu ambacho macho ya watu yatakaa nacho kwa miaka mingi. Mgeni asiyependeza huondoka mwishowe. Ukuta usiopendeza hauondoki.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili katika mji wa Dodoma alijifunza jambo hili kwa gharama. Alikuwa amejenga Nzuguni, upande wa mashariki wa mji, katika miaka ile ambayo viwanja viligawiwa kwa wingi na kila mtu mwenye mshahara alitaka kupata pa kuweka msingi. Azimio la kuhamishia makao makuu Dodoma lilipitishwa mwaka 1973, lakini kwa muda mrefu mji ulikua polepole. Ni baada ya serikali kuanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ndipo nyumba zilipoota kama uyoga baada ya mvua. Nyumba ya mwalimu ilikuwa na vyumba vitatu na sebule, kuta za matofali ya saruji, paa la bati, na madirisha mapana ya vioo. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake alikuwa amebaki peke yake kijijini upande wa Mvumi. Hamu kubwa ya mwalimu katika kujenga ilikuwa kumleta mama huyo akae naye katika uzee wake.

Kuta za ndani alizipaka rangi nyeupe. Alikuwa na sababu zake. Nyeupe ni rangi ya usafi. Katika lugha yenyewe moyo mweupe ni moyo usio na hila, na siku nyeupe ni siku ya heri. Tena, alipokuwa mwanafunzi alipata kufika Unguja, akaingia katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe, akaona kuta zilizopakwa chokaa, nene na tulivu, akajiambia kuwa siku moja atakuwa na kuta kama zile. Jambo ambalo hakulifikiri ni kuwa chokaa ile ina kazi mahali pake. Vichochoro vya mji ule ni vyembamba, nyumba zimekaribiana, na nuru ifikayo chumba cha ndani ni kidogo. Ukuta mweupe huipokea nuru ile haba na kuipitisha mbele, kama mtu mkarimu anayegawa alicho nacho.

Dodoma haina uhaba wa nuru. Mji umekaa juu ya uwanda ulio kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Mvua huanza kuelekea Desemba na kukoma Aprili. Miezi mingine yote mbingu ni kavu, mawingu ni machache, na ardhi iliyokwisha kuliwa na mifugo hubaki wazi, ikirudisha juu mwanga ule ule iliopewa na jua. Rangi nyeupe safi hurudisha zaidi ya 80 kwa mia ya nuru inayoiangukia. Kwa hiyo saa sita mchana sebule ya mwalimu ilikuwa na mwanga kama uwanja wa nje, ila ilikosa kivuli cha mti.

Mama alikuja mwezi wa Agosti. Siku za kwanza aliketi sebuleni, akasifu sakafu, akasifu dari, akasifu maji yatokayo ukutani. Baada ya wiki moja alihamisha mkeka wake na kuupeleka nyuma ya nyumba, katika banda la jiko la kuni, akawa anakaa humo mchana kutwa akiwa ameupa mgongo uwanja na uso ameuelekeza kwenye ukuta uliofuka moshi. Alipoulizwa kwa nini, alijibu, "Ndani ni kuzuri, mwanangu. Ni kuzuri mno." Mwalimu alichukulia neno "mno" kuwa ni sifa. Mwisho wa Septemba alimkuta mama amefunga furushi lake.

"Nipeleke nyumbani kabla ya mvua," mama alisema.

"Mama, nyumbani ni hapa. Umekosa nini?"

"Sikukosa kitu. Nipeleke tu."

Yapo maneno ambayo mtoto huyafasiri kwa kujiona yeye mwenyewe. Mwalimu alidhani mama anaukataa mji, au anamkataa mkwewe, au labda anaidharau nyumba iliyomgharimu mwanawe miaka saba ya mshahara. Alikaa siku mbili na uchungu huo. Mkewe ndiye aliyeona lililokuwa wazi. Alimwambia mumewe, "Mama anapopita sebuleni hujifunika macho kwa kanga. Akifika jikoni huifunua. Mtazame, utaona."

Mama alikuwa mgonjwa wa macho wa zamani. Katika utoto wake alipata vikope, maradhi ambayo madaktari huyaita trakoma, na ambayo nchi kavu za katikati ya Tanzania zimeyajua sana. Kongwa, mashariki ya Dodoma, imekuwa mahali pa uchunguzi wa maradhi hayo tangu miaka ya 1980. Hupitishwa kwa vidole, kwa vitambaa na kwa inzi, aghalabu kwa watoto, na mahali pasipo maji ya kutosha kunawa uso hayaishi kurudi. Yakirudi mara nyingi huacha kovu ndani ya kope, kope hujikunja, na nywele zake huukwaruza mboni kila mtu apepesapo macho. Mama alikuwa amepasuliwa kope zake hospitalini zikanyooshwa, na maumivu yakaisha. Lakini kovu lililokwisha kuingia katika kioo cha jicho halifutiki kwa kupasua kope. Nuru ipitapo hapo hutawanyika, na mwanga mkali huwa kama mchanga uliotupwa machoni. Kuta nne nyeupe zilikuwa zimemfukuza mama, naye kwa adabu ya mzazi asiyetaka kumvunja moyo mwanawe hakutaka kusema.

Mwalimu aliona haya, kisha akafanya haraka, na haraka hiyo ilimtia katika kosa la pili. Alikwenda dukani mjini akaomba rangi isiyo kali. Muuza duka alimpa kadi yenye vipande vingi vya rangi, vyeupe kidogo, vya maziwa, vya mchanga, vya udongo, kila kipande na jina lake la Kiingereza. Mwalimu alipouliza majina yake kwa Kiswahili, kijana wa duka alicheka akasema, "Zote hizi, Mwalimu, tunaziita krimu." Basi akachagua krimu moja ambayo, chini ya taa za duka, ilifanana na maziwa yaliyotiwa asali kidogo. Ndoo mbili za lita 20 zilitosha vyumba vyote. Fundi alipaka Jumamosi, na Jumapili saa kumi alasiri nyumba yote ilikuwa nyekundu-nyekundu kama ufizi wa mtoto mchanga.

Mwalimu alidhani ametapeliwa, akataka kurudisha ndoo. Fundi, kijana mpole aliyekuwa amepaka nyumba nyingi katika mji ule, alimzuia. "Mwalimu, duka halikukosa. Wewe ulichagua rangi moja, na uwanja wako umeongeza ya pili." Akampeleka dirishani, akamwonyesha ardhi nyekundu iliyotanda hadi barabarani. Jua la alasiri liliangukia udongo ule, likachukua wekundu wake, likaingia nao dirishani na kuutupa juu ya dari na kuta. Rangi yoyote yenye wekundu ndani yake, hata uwe mdogo usioonekana dukani, huongezewa wekundu huo na kugeuka. Kwa hiyo rangi ya ndani katika nchi ya udongo mwekundu haiwezi kuchaguliwa kwa kadi peke yake. Ardhi ya nje ni sehemu ya ndoo.

Fundi alisema na jambo jingine. Vitabu vya ujenzi vilivyoandikwa Ulaya hufundisha kuwa chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi na chataka rangi ya joto. Mafundisho hayo ni kweli mahali yalipoandikwa. Dodoma jua la Juni hupita upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini, nalo mchana huwa juu sana, basi pande hizo mbili hazitofautiani sana. Vyumba vigumu ni vile vya mashariki na magharibi, ambavyo jua huingia likiwa chini, asubuhi au jioni, na kupiga ukuta uso kwa uso.

Jioni ile mwalimu aliketi na mama yake katika banda la jiko, akamwuliza swali ambalo lingalifaa kuulizwa tangu mwanzo.

"Mama, kuta za tembe zilikuwa za rangi gani?"

Mama alicheka. "Rangi? Hazikuwa na rangi. Zilikuwa udongo." Kisha akanyamaza kidogo, mkono ukiwa juu ya chungu, akasema, "Ndani zilikuwa kama maji ya kunde."

Jawabu hili lilimgusa mwalimu kuliko alivyotazamia, kwa kuwa lilitatua jambo lililomtia aibu dukani. Kiswahili kina sifa chache za rangi zilizo zake za asili: -eupe, -eusi na -ekundu. Na -ekundu ya zamani ni pana. Hubeba damu, na udongo, na ng'ombe wa rangi ya kutu, na mtu ambaye ngozi yake si nyeusi sana. Nyingine zote Kiswahili huzitaja kwa kuonyesha kitu: rangi ya majivu, rangi ya kahawa, rangi ya mchanga, rangi ya maziwa, rangi ya maji ya kunde. Watu huhesabu jambo hili kuwa upungufu wa lugha. Waama ni elimu. Anayesema "krimu" hajui asemalo mpaka aonyeshwe kadi. Anayesema "maji ya kunde" amekwisha kuona chungu kikichemka, maji yakianza kukolea, yasiyokuwa mekundu wala meusi wala meupe, yenye joto ndani yake. Wasemaji huitumia rangi hiyo kusifu ngozi ya mtu. Mama aliitumia kwa ukuta, na ukuta ni ngozi ya nyumba.

Mwalimu alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake habari za Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo aliyeishi kati ya mwaka 1917 na 1969, aliyeandika kwa Kiswahili historia na desturi za Wagogo katika kitabu kilichotoka mwaka 1954. Lakini tembe yenyewe aliijua kwa vitabu tu. Mama alizaliwa ndani yake, akakaa humo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wa Ugogo walipohamishiwa vijiji vya ujamaa na makao mengi ya zamani yakaachwa. Sasa alieleza, naye mwanawe akasikiliza kama mwanafunzi. Tembe ni nyumba ndefu na fupi ya kimo, imezunguka uwanja ambamo ng'ombe hulala. Kuta zake ni miti iliyosimamishwa na kukandikwa udongo, na paa lake ni bapa, nalo limefunikwa udongo. Ndani nuru ni kidogo, baridi ni ya kupendeza mchana, na joto la jana hubaki usiku. Kukandika kulikuwa kazi ya wanawake. Kila mwaka kabla ya mvua mama yake alichota udongo wa kichuguu, akaufinyanga pamoja na mchanga na samadi, na kwa ukuta wa ndani akatia majivu.

"Majivu ya nini, Mama?"

"Ya kuupoza. Udongo wenyewe una hasira. Ukiukanda peke yake, chumba kinakuwa chekundu, macho hayapumzik. Majivu yanautuliza."

Mwalimu alipompelekea fundi maneno haya, fundi alitikisa kichwa kwa mshangao, maana ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya kila siku kwa matone ya mashine. Rangi ya krimu haichimbwi popote. Hutengenezwa kwa ndoo ya nyeupe iliyotiwa matone ya njano, ya nyekundu na ya nyeusi. Njano hiyo na nyekundu hiyo aghalabu ni chuma kilichoungana na hewa, yaani ndugu wa kutu, sawasawa na kile kinachoupa udongo wa Dodoma wekundu wake. Palipozidi nyekundu, fundi hupunguza kwa njano na kwa tone la nyeusi, na rangi hutulia. Mama wa tembe alitumia majivu ya mekoni. Mashine hutumia masizi yaliyosagwa. Akili ni moja.

Wala akili hiyo haikuanza na tembe. Kaskazini ya Dodoma, katika miamba ya Kolo na jirani zake wilayani Kondoa, ipo michoro ya watu na wanyama ambayo Mary Leakey alikaa mwaka 1951 akiinakili, akaitolea kitabu mwaka 1983, nayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mingi ya ile ya kale imechorwa kwa ngeu, udongo mwekundu wenye chuma. Ile nyeupe aghalabu ni ya baadaye. Waliochora walikuwa na kuta za mawe tu, nao walijua kuwa kitu kilicho katika ardhi ya mahali huweza kukaa juu ya ukuta wa mahali bila kugombana na jua lake. Ngeu ile na tone la mashine ya dukani vimetoka katika chuma kile kile.

Safari hii hapakuwa na haraka. Fundi alikata vipande vitatu vya mbao za dari, kila kimoja upana wa mkono mzima, akavipaka rangi tatu mara mbili mbili na kuviacha vikauke, kwa kuwa rangi mbichi hudanganya. Akaviegemeza ukutani katika kila chumba, akakataza mtu asichague mpaka vimeonekana asubuhi, adhuhuri, jioni, na usiku chini ya taa. Kipande cha kwanza kilipendeza asubuhi, jioni kikawa chekundu. Cha pili kilitulia mchana, usiku chini ya taa nyeupe ya umeme kikawa na sura ya mgonjwa. Fundi akashauri taa zibadilishwe ziwe za mwanga wa njano, lakini hata hivyo hakikupona. Cha tatu, chenye njano kuliko nyekundu na weusi kidogo ndani yake, kilibadilika kila saa bila kuharibika. Mama aliitwa atazame. Alikishika, akakisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu. "Hiki," akasema, "kinakaribia kuiva."

Kuta zikapakwa rangi hiyo, tena ile isiyong'aa, kwa kuwa rangi ing'aayo huurusha mwanga hata ikiwa na weusi ndani yake. Kutoka sakafuni hadi kimo cha mita moja fundi alipaka rangi ya mafuta iliyokolea zaidi, kama kahawa yenye maziwa machache, jinsi ifanywavyo katika madarasa ya shule nyingi, kwa ajili ya mikono ya watoto na vumbi lisilokwisha. Dari ilipakwa nyeupe iliyovunjwa makali. Sebule ilikuwa na nuru ya kutosha kusomea kitabu, wala haikuwa na nuru ya kumfukuza mtu.

Mama aliingia siku ya tatu, harufu ilipokwisha. Hakufunika macho. Aliketi chini ya dirisha, akaweka ungo wa kunde mapajani, akachambua mpaka saa tisa. Baadaye aliinuka akapitisha kiganja chake ukutani, polepole, toka kulia kwenda kushoto, kama mtu apigaye udongo sawasawa.

"Itakaa muda gani?" alimwuliza fundi.

"Miaka mitano, Bibi. Hata zaidi."

"Na kwa miaka hiyo mitano, nani atakuwa akiugusa ukuta?"

Fundi alimtazama mwalimu, naye mwalimu hakuwa na jawabu. Watu huisifu rangi ya dukani kwa kuwa haidai kazi, na sifa hiyo ni ya haki. Wanawake wa tembe walichota maji mbali, wakakandika kuta kila mwaka kwa migongo iliyouma. Lakini ukuta uliokandikwa na mkono ulijulikana na mkono ule. Mwenye kuukandika aliujua ufa wake, aliujua mahali panapovuja, aliujua mahali mtoto alipozoea kuegemea. Nyumba mpya huweza kukaa miaka mitano bila mtu yeyote kuutazama ukuta kwa karibu, na katika nyumba hiyo yawezekana pia mtu asitazamwe kwa karibu, akafunika macho kwa kanga miezi miwili bila mwanawe kujua.

Mvua zilikuja katikati ya Desemba. Ardhi ya Nzuguni iliota majani kwa wiki mbili, na wekundu uliokuwa ukiingia dirishani ukaondoka, mahali pake pakaingia ukijani mwepesi. Rangi ya kuta ikabadilika tena, ikawa baridi kidogo, kama chungu kilichoepuliwa. Mwalimu alimwita mkewe waje watazame. Mama alikuwa ameliona jambo hilo tangu asubuhi.

Furushi lake lilikuwa limefunguliwa bila mtu kuambiwa. Na tangu mwaka ule, kila Novemba kabla ya mvua, samani husogezwa katikati ya vyumba, watoto hupewa vitambaa laini na ndoo za maji, na kuta zote hufutwa vumbi tangu juu hadi chini. Kazi hiyo husimamiwa na mama, ambaye macho yake hayaoni vizuri, na ambaye kwa hiyo huukagua kila ukuta kwa kiganja.